Teo, manati, mbwa au ua: kipi kitalinda shamba lako dhidi ya nyani na nguruwe

Mahindi yakishatoa ndevu, kila shamba la pwani ya Kenya kuanzia Gede hadi Mpeketoni hupata wageni wa zamu mbili. Wa mchana ni nyani, tumbili na kima. Wa usiku ni nguruwe mwitu na nungunungu. Mkulima akinunua kifaa kimoja kwa wote hawa, pesa yake imeliwa pamoja na mahindi, maana hawafanani saa ya kuja, njia ya kuingilia wala kinachowakimbiza. Ndiyo sababu hapa namtazama mnyama kwanza, kisha vifaa tunavyovipata kwetu, nikivilinganisha kimoja na kingine. Mwenye shamba la mihogo kando ya kichaka cha Witu hatachagua sawa na mwenye miembe ya ngowe karibu na magofu ya Gede.

Bunduki naitoa kwenye hesabu tangu mwanzo. Najua zipo nchi, Marekani mojawapo, ambako mkulima humpiga mnyama mharibifu kwa bunduki ya tundu dogo, milimita 5.6 hivi, na wengine hujaza maganda ya risasi wenyewe nyumbani, wakipima baruti kwa mizani ili kila risasi iruke kama mwenziwe. Kwetu sheria ni nyingine. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza hata uwindaji wa kitoweo. Mtu anaweza kuwa na cheti halali cha bunduki na bado akashtakiwa kwa kumpiga nyani shambani mwake. Mnyama aliyeshindikana ni wa kuripotiwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hata hivyo lile wazo la kila risasi kuwa sawa na nyingine lishike, kwa sababu litatufaa tukifika kwenye manati.

Sumu nayo usiiguse. Dawa ya wadudu ya kabofurani, wengi wetu tuliijua kwa jina la Furadan, ilitumiwa vibaya kiasi cha kuua simba na tai hapa Kenya, hadi watengenezaji wakaiondoa sokoni mwaka 2009. Mhogo uliotiwa sumu haumchagui mlaji. Ataula nguruwe, mbwa wa jirani atamla nguruwe, tai watamla mbwa, na siku mbaya mtoto atauokota huo mhogo. Mtego wa waya uko hivyo hivyo. Ukiutega pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke kwa ajili ya nguruwe, atakayenasa ni paa nunga, mnyama aliyebaki katika misitu michache tu duniani, na nguruwe mwenyewe atapita kando. Mtego wa waya ni kosa la jinai, na ni ukatili pia.

Tubaki basi na vitu vya kutisha na vya kuzuia.

Mlaji wa mchana na mlaji wa usiku

Nyani wetu wa pwani ni yule wa rangi ya manjano. Huja kwa kundi la makumi, na kabla ya kundi kushuka, mmoja au wawili hutangulia na kukaa juu ya mti wakitazama. Wanachotafuta ni kama kuna mtu, ni nani, na ana nini mkononi. Mwanamume mzima wanamwogopa kuliko mwanamke, na mwanamke kuliko mtoto. Ni jambo la kuudhi lakini ni kweli, na yeyote aliyewahi kulinda mahindi analijua. Wakipata nafasi ya dakika kumi wanavunja mabua mengi kuliko wanayokula, kwani kila mmoja huchuma, huuma mara mbili na kutupa.

Tumbili ni mdogo na mwepesi, haogopi sana nyumba, na kelele ya jana haimshtui leo. Kima hapendi kuwa mbali na miti. Ukifyeka ukanda wa mita ishirini au thelathini kati ya msitu na shamba, umemwondolea ujasiri mwingi kabla hujanunua chochote, ilhali nyani huo ukanda anautembea kwa miguu bila wasiwasi.

Nguruwe mwitu huja giza likishaingia na kuondoka kabla ya alfajiri. Hapandi, haruki sana, ila pua yake ni jembe. Atafukua mihogo, viazi vitamu na mbegu za mahindi zilizopandwa juzi, na ua atauingia kwa chini. Nungunungu naye hupita chini, peke yake au wawili, akitafuta mihogo. Kwa hawa wa usiku, manati na teo havina kazi yoyote. Huwezi kulenga usichokiona.

Teo na manati

Hivi ndivyo vifaa vya bei nafuu kuliko vyote, na ndivyo ninavyotaka kuvieleza kwa urefu, kwa sababu watu huvidharau kama michezo ya watoto kisha huenda kukopa pesa za waya.

Teo ni kamba mbili na kikalio cha kuwekea jiwe. Ya kamba ya makumbi hudumu, ya mkonge nayo ni nzuri. Unaizungusha, unaachia ncha moja, jiwe linakwenda. Mwenye mkono uliozoea hulifikisha zaidi ya mita 100, umbali ambao manati haiwezi kuugusa. Ukitoa mkono vizuri, ncha inayoachiwa hupiga mlio kama mjeledi, na mlio huo peke yake huwarudisha nyuma nyani waliokaa kwenye mti wa mpakani. Wazee waliokuwa wakiamia ndege kwenye mpunga na mtama walifanya kazi ya siku nzima kwa teo moja wakiwa wamesimama juu ya dungu.

Lakini teo linataka uwanja. Chini ya minazi iliyobanana au ndani ya shamba la miembe halizunguki. Kamba inashika kuti na jiwe linakwenda kusikojulikana. Pia kujifunza si kwa siku moja. Mwanafunzi wa teo hatari yake iko pande zote, nyuma yake zaidi kuliko mbele, na kwa hiyo asijifunze penye watu, mifugo wala mapaa ya mabati.

Manati hujifunzwa haraka. Panda ya mpera ndiyo bora, ngumu na haipasuki ikikaushwa polepole kivulini. Mpira ni wa tyubu, ukatwe upana wa sentimita moja na nusu hadi mbili, urefu sawa pande zote mbili, na kikalio kiwe ulimi wa kiatu cha ngozi kilichochakaa. Umbali wake wa kulenga kwa uhakika ni mita 20 hadi 30, na unaweza kuitumia umekaa, umejibanza nyuma ya mnazi au umesimama kati ya mistari ya mahindi. Kwa tumbili wa kwenye miembe na mikorosho, manati inalishinda teo mara zote. Kwa nyani wanaosubiri kwenye mti ng'ambo ya shamba la wazi, teo linaishinda manati.

Adui wa manati ni jua na chumvi ya bahari. Mpira ulioachwa ukining'inia nje ya kibanda huanza kupasuka vinyufa vidogo, hasa pale ulipofungwa kwenye panda. Upinde kwa vidole kila asubuhi, uutazame. Ukiona ufa, ukate utupe, kwa sababu mpira ukikatika umevutwa hurudi usoni, na jicho halina la akiba.

Jiwe, gololi au udongo

Sasa tuje kwenye kinachorushwa. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, na watu wengi hawaifikirii.

Jiwe la kuokota ni bure. Tabu yake ni kwamba hakuna mawili yanayolingana. Hili lina gramu 6, lile 15, hili lina pembe, lile ni bapa. Mkono hauwezi kujifunza. Unalenga shina la mwembe, la kwanza linapita juu, la pili linaangukia nusu ya njia. Pia jiwe linaua. Tumbili mzima ana kilo chache tu, na jiwe likimpata kichwani kutoka mita kumi na tano umevunja sheria na umemtesa kiumbe bila faida, kwa sababu kundi litarudi kesho bila yeye. Ukimjeruhi nyani dume, hatari ni yako.

Gololi za kioo zinalingana, hilo halina ubishi. Ile ya kawaida ina upana wa milimita 16 na uzito wa gramu 5 na kitu, nayo hunyooka vizuri sana hewani. Ila ikigonga jiwe la matumbawe hurudi au hupasuka, na vipande vya kioo hubaki kwenye udongo ambao mtu analima bila viatu. Zaidi ya hayo inanunuliwa, na ukishairusha imekwenda. Mimi siipendi shambani.

Kidonge cha udongo ndicho ninachokitetea. Hakina gharama, kinalingana, na kikigonga shina la mti hupasuka kwa kishindo na kutoa vumbi, jambo ambalo tumbili hulichukia kuliko jiwe linalopita kimya. Kikimgonga mnyama kwa bahati mbaya kutoka mbali, madhara yake ni madogo kuliko ya jiwe, ingawa hilo halikupi ruhusa ya kumlenga. Lenga shina, tawi au majani ya karibu yake.

Mchanga wetu wa ufukweni haufai, haushikani. Udongo wa kichuguu ndio bora, na wa kingo za mto Sabaki nao unashika vizuri. Uponde, uuchekeche utoe mizizi na changarawe, kisha uukande kwa maji kidogo kidogo mpaka uwe laini bila kunata mikononi. Kipimo kiwe kizibo cha soda. Jaza udongo hadi ukingoni, futa kwa kidole uwe sawa, toa, viringisha kati ya viganja. Kila kizibo ni kidonge kimoja. Kikikauka kinasinyaa na kubaki na upana wa kama milimita 16, uzito wa gramu 4 hivi, karibu na gololi. Hapo ndipo lile wazo la wale wanaopima baruti linapotufaa sisi tusio na baruti. Kikilingana na mwenziwe, mkono unajua.

Vikaushe kivulini siku mbili tatu, ukivigeuza. Ukivianika juani moja kwa moja vinapasuka, kwa kuwa ganda la nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. Na usivichome jikoni kwa kudhani unaviboresha. Kilichochomwa kinakuwa kigae, na kigae ni jiwe. Cha kujaribia ni hiki: kiangushe kutoka usawa wa kifua juu ya sakafu ya saruji. Kisichovunjika kimekauka vya kutosha. Kikivunjika vipande viwili kikavu, udongo wako una mchanga mwingi. Kikibonyea, bado kibichi.

Wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei vidonge hivi hurudi kuwa tope vikiachwa wazi, na ndio wakati wa kupanda, nguruwe na nyani wote wakiwa macho. Mkebe wa maziwa ya unga wenye kifuniko unatosha kuvihifadhi. Vitengeneze Februari na Machi, kazi za shamba zikiwa chache na jua likiwa kali.

Nani ashike manati

Hapa nina neno na sitalificha. Tumezoea kuwapandisha watoto kwenye dungu wakati wa mavuno, na shule zinabaki na madawati matupu. Zaidi ya kumwibia mtoto masomo, ni ulinzi dhaifu. Nyani anamjua mtoto, hamwogopi, na akimkaribia mtoto ndiye atakayekimbia. Mtu mzima mmoja anayelinda kwa zamu na majirani wawili ni bora kuliko watoto wanne. Saa zenyewe si nyingi: kuanzia kupambazuka hadi saa tatu au nne asubuhi, na tena alasiri kuanzia saa tisa hadi jua lielekee kuzama. Mchana wa jua kali nyani wengi hupumzika, ingawa msimu wa njaa hawajali saa.

Sanamu la matambara, chupa zinazogongana na debe lililofungwa kamba vina siku zao chache za kufaa, kisha vinazoeleka. Uvihamishe mara kwa mara, na uvitumie kama nyongeza tu.

Fataki ni kitu kingine. Zinatisha kweli. Lakini bara la Lamu, tangu mashambulizi ya watu wenye silaha huko Mpeketoni Juni 2014, mlio kama wa bunduki ni jambo zito. Watu wanatoka mbio majumbani, mama mjamzito anaanguka, na wewe unatafutwa na polisi. Kwa watu wa miji ya Hindi, Witu na Mpeketoni jibu langu ni hapana, hata kama zingekuwa bure.

Mbwa dhidi ya ua

Hapa tunaingia usiku, na chaguo la kweli ni kati ya hivi viwili.

Mbwa anasikia na kunusa kabla yako. Kwa nguruwe mwitu, mbwa wawili au watatu wanaobweka mpakani mara nyingi wanatosha kuwageuza, na mtu akitokea na tochi kali nyuma yao kazi imekwisha. Mbwa mmoja hafai. Kwa nyani mchana ni hatari zaidi: dume la nyani lina meno ya kumchana mbwa, na mbwa aliyefunzwa kukimbiza mbali na mwenyewe hatarudi. Afunzwe kubweka akiwa karibu nawe. Kuna gharama watu wasiyoihesabu, nayo ni chakula cha kila siku, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, ambayo si hiari.

Kwa nyumba za Kiislamu, nazo si chache kwetu, swali la mbwa huulizwa mapema. Mbwa wa kulinda shamba na mifugo ameruhusiwa katika hadithi za Mtume. Linalobaki ni twahara: akae shambani na chombo chake mwenyewe, na kilichorambwa kioshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Wapo walioliendesha jambo hili miaka mingi bila tatizo, mbwa wakilala kwenye kibanda cha shamba na wao wakirudi nyumbani.

Ua ni pesa nyingi siku moja, kisha utulivu. Tupige hesabu. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi. Nguzo kila mita 3 ni nguzo 85. Waya wa wavu huuzwa kwa roli la mita 18, kwa hiyo unahitaji roli 15. Ekari kumi za mraba, kwa upande mwingine, zina mzunguko wa kama mita 805, yaani mara tatu na kidogo, si mara kumi. Kwa maneno mengine, mwenye ekari moja anayejizungushia ua peke yake analipa zaidi ya mara tatu, kwa kila ekari, kuliko majirani kumi wanaozungusha ua mmoja. Kama mna maelewano, ua wa pamoja ndio wenye akili.

Na ua huo ni wa nguruwe na nungunungu. Nyani, tumbili na kima wataupanda ukiwatazama. Hata kwa nguruwe, cha kuangalia ni chini na si juu: wavu uingie ardhini sentimita 30, au ubanwe kwa magogo na mawe. Ua wenye urefu wa mita mbili unaoning'inia sentimita kumi juu ya ardhi ni mlango.

Ua wa umeme wa sola una nguvu kwa nguruwe ukiwa na nyuzi za chini, ya kwanza sentimita 20 kutoka ardhini. Lakini nyasi zikiugusa umeme unapotea, kwa hiyo ni kufyeka kila wiki wakati wa mvua, na karibu na bahari viungio vinaota kutu upesi. Uzio wa umeme wa Arabuko-Sokoke uliwekwa kuwazuia tembo. Usitarajie waya wa namna hiyo kumzuia tumbili anayeruka kutoka mti hadi mti.

Asiye na pesa apande ua hai wa mkonge au minyaa, akijua kwamba utachukua miaka kubanana, na utomvu wa mnyaa ni hatari kwa macho. Mizinga ya nyuki imesaidia dhidi ya tembo huko Taita, ikitundikwa kila mita kumi kwenye waya. Kwa nyani usiitegemee, ila asali utapata.

Ningechagua nini

Mihogo na viazi kando ya kichaka: pesa zote kwenye ua wa chini uliozikwa vizuri, au mbwa watatu kama ua haupatikani. Manati isubiri.

Mahindi katika uwanja wa wazi, nyani wakitokea upande mmoja: dungu, mtu mzima na teo. Fyeka ukanda wa mpakani kwanza.

Miembe na mikorosho iliyochanganyika: manati na mkebe wa vidonge vya udongo, msimu mzima. Kwa mikorosho usihangaike sana, maana tumbili anachotaka ni bibo, lile tunda laini. Korosho yenyewe ina ganda lenye mafuta yanayounguza mdomo, na mara nyingi utaiokota chini. Nguvu zako ziweke kwenye embe linalokaribia kuiva.

Na kama shamba lako limegusana na msitu pande tatu, huna majirani wa kulinda kwa zamu, na umeshavunwa misimu miwili mfululizo, badilisha kinachopandwa kwenye mistari ya mpakani kabla ya kununua chochote. Pilipili na ufuta nyani hawavipendi kama mahindi. Mistari kumi ya ufuta upande wa msitu, mahindi yakiwa katikati, itamlazimisha nyani avuke mahali pa wazi ambapo wewe na teo lako mnamwona tangu anapotoka mtini.